Kidude cha Kusomea Bakodi Dukani kwa Mama Mdogo, Mikindani

Moduli ninayotaka kuizungumzia, ya kusomea bakodi (ile mistari myeusi na myeupe inayochapwa kwenye pakiti za bidhaa), inaingia ndani ya kiboksi cha kiberiti na nafasi inabaki. Mbele ina jicho dogo la kioo lenye taa pembeni yake, nyuma ina soketi moja nyembamba ya waya, na hapo katikati hakuna kitu ambacho fundi wa redio angekitambua kwa kukitazama tu. Niliiagiza Kariakoo, ikasafiri na basi usiku kucha ndani ya bahasha ya kaki, nami nikaipokea alfajiri katika stendi ya Mkanaledi, Mtwara, nikaitia mfukoni mwa shati na kupanda gari la Mikindani kabla hata ya kunywa chai. Nilikuwa na haraka kwa sababu ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ambayo mama mdogo hufunga duka saa nane mchana ili ahesabu mali iliyobaki, akiwa na daftari lake kubwa lenye jalada gumu na kalamu mbili, ya bluu kwa kilichoingia na nyekundu kwa kilichotoka.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikimsaidia kuhesabu, na kila mara tuliishia kubishana juu ya sabuni tatu au pakiti nne za chumvi ambazo daftari lilisema zipo na rafu ilisema hazipo. Nikajiambia kwamba mtu anayechezea bodi za ESP32, yaani kompyuta ndogo za kuunganishia vifaa, kila jioni, mpaka majirani zake wa Chuno wakamzoea kwa harufu ya risasi ya kulehemu inayochomwa, hana udhuru wa kuhesabu sabuni kwa kidole.

Watu wanaoniuliza habari za mradi huu hudhani kwamba ugumu wake uko katika kuisoma ile mistari. Kazi hiyo imekwisha kufanywa na wengine, na imefungwa yote ndani ya kile kidude. Moduli hupiga picha, hutafuta mahali palipo na mistari, hupima upana wa kila mstari mweusi na kila uwazi mweupe, hugeuza vipimo kuwa tarakimu, huhakikisha kwamba tarakimu zinakubaliana, kisha huzitoa kwa waya mmoja zikiwa maandishi ya kawaida. Kwa upande wa bodi yako, ni sawa na kuwa na karani anayechapa tarakimu 13 kwa kasi kubwa na kubonyeza kitufe cha mstari mpya. Bodi haijui kwamba kuna picha, wala haihitaji kujua.

Hapo nyuma haikuwa rahisi hivyo. Norman Joseph Woodland, Mmarekani aliyekuwa amejifunza alama za Morse alipokuwa skauti, alipata wazo hili akiwa ameketi ufukweni Miami: alichora nukta na vistari mchangani, kisha akavivuta kwa vidole kuelekea chini vikawa mistari mirefu, mingine myembamba na mingine minene. Yeye na mwenzake Bernard Silver waliomba hataza mwaka 1949 na kuipata mwaka 1952, lakini bidhaa ya kwanza yenye bakodi tunayoijua leo ilipitishwa kwenye kaunta ya dukani tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, nayo ilikuwa pakiti ya ubani wa kutafuna. Miaka yote hiyo 25 kati ya ombi na ubani ilipita kwa sababu mistari ilikuwapo lakini macho ya kuisoma hayakuwapo. Yalihitajika mwanga wa leza na kompyuta za bei inayovumilika. Leo macho hayo ninayo mfukoni mwa shati.

Kabla ya kuunganisha chochote, inafaa kujua kinachosomwa. Bakodi ya kawaida ya dukani, ile ya tarakimu 13 iitwayo EAN-13, imegawanywa katika vipande 95 vyenye upana sawa, kila kimoja kikiwa cheusi au cheupe. Vitatu vya mwanzo, vitano vya katikati na vitatu vya mwisho ni walinzi wa mpaka, na vilivyobaki ni vipande saba kwa kila tarakimu. Ukipiga hesabu utaona kwamba vipande hivyo vinatosha tarakimu 12 tu. Ile ya kwanza haikuchorwa popote, bali hutambuliwa kwa namna zile sita za upande wa kushoto zilivyoandikwa, kwa kuwa kila tarakimu ya upande huo ina maumbo mawili inayoweza kuvaa, na mpangilio wa maumbo hayo ndio unaotaja tarakimu ya kwanza. Sijawahi kuona ubanaji wa nafasi unaonipendeza kama huo.

Tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki. Chukua 200000000037, namba niliyoitunga mwenyewe kwa ajili ya korosho za mama mdogo. Tarakimu ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea hivyo mpaka ya kumi na mbili huzidishwa kwa 3, zilizobaki huachwa zilivyo, kisha zote hujumlishwa. Hapa tuna 2, tuna 3, na tuna 7 mara 3 ambayo ni 21, jumla 26. Ili kufika kwenye 30, ambayo ni kumi kamili inayofuata, inatakiwa 4, basi namba kamili ni 2000000000374. Moduli hufanya hesabu hii kabla ya kulia, na ikikosa kulingana hunyamaza. Ndiyo maana skana nzuri hukataa kusoma mara nyingi lakini ni nadra sana kusoma uongo.

Mama mdogo alipoona tarakimu zikitokea kwenye kioo cha skrini aliniuliza, "Na bei iko wapi, mwanangu?" Lilikuwa swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na watu wenye vyeti. Bei haimo. Ndani ya bakodi ya kawaida kama hii hamna bei, hamna jina la bidhaa, wala hamna tarehe ya kwisha muda. Kuna namba tu, na kila duka lina orodha yake inayosema namba hiyo ni kitu gani na kinauzwaje. Vilevile, wengi huku kwetu hutazama kama namba inaanza na 620 ili wajue kwamba bidhaa imetengenezwa Tanzania, lakini 620 husema tu kwamba namba ilitolewa na ofisi ya Tanzania ya GS1, shirika linalogawa namba za bakodi, kwa kampuni iliyojisajili hapo. Mali yenyewe inaweza kuwa imetengenezwa mahali pengine kabisa. Namba zinazoanza na 2 zimeachwa kwa matumizi ya ndani ya duka, ndiyo maana nilizichagua kwa korosho, na siku mama mdogo atakapotaka kuzipeleka kwenye maduka makubwa atalazimika kusajiliwa na kupewa namba zake halisi.

Sasa kuhusu kuchagua. Kuna moduli za mstari mmoja, ambazo hutazama ukanda mwembamba tu wa mwanga mwekundu na kusoma mistari peke yake, na kuna moduli za picha, zinazosoma mistari pamoja na misimbo ya QR. Mimi nilianza na ya kwanza, niliyoing'oa kutoka kwenye skana ya mkono iliyokwisha kufa, kwa tamaa ya kutotoa hela. Ilifanya kazi vizuri kwa sabuni na chumvi, lakini haikuona kitu kwenye pakiti za korosho. Lebo zile nilizichapisha katika duka moja la steshenari mjini, nikachagua rangi ya udongo mwekundu ili zifanane na korosho iliyokaangwa, na nilijisifu kwamba zinavutia. Zilivutia kweli. Tatizo ni kwamba mwanga mwekundu ukianguka kwenye wino mwekundu hurudi kama ulivyorudi kutoka kwenye karatasi nyeupe, kwa hiyo mbele ya skana yangu lebo zote mia mbili zilikuwa karatasi tupu. Ukitaka kuhakiki lebo yako bila skana, itazame kupitia plastiki nyekundu inayopitisha mwanga: ukiona mistari inafifia, na skana ya mwanga mwekundu itaona vivyo hivyo.

Moduli ya picha iliyokuja baadaye, ya aina ya GM65, inamulika kwa taa nyeupe, hivyo ilijitahidi kuzisoma baadhi. Lakini nilikuwa nimekwisha jifunza kwamba bakodi si mahali pa kuonyesha mapambo, na lebo zote zikarudiwa kwa wino mweusi.

Kuunganisha kwenyewe hakuna mengi. Waya ni nne: volti 5, ardhi, TX (wa kutuma) na RX (wa kupokea). TX ya moduli inakwenda kwenye RX ya bodi, na RX ya moduli kwenye TX ya bodi, kwa sababu anachosema mmoja ndicho anachosikia mwingine. Ukiziunganisha sawa kwa sawa, yaani TX kwa TX, kwa kawaida hakuna kitakachoungua, ila hakuna kitakachosikika. Mwendo wa mazungumzo ni biti 9600 kwa sekunde. Kwenye ESP32 nilitumia pini 16 na 17, na kwa kuwa bodi hiyo na moduli zote huzungumza kwa volti 3.3, waya zilikwenda moja kwa moja. Mwenye bodi ya aina nyingine, Arduino Uno, aangalie zaidi, kwani Uno hutoa volti 5 kwenye pini zake: inafaa kuweka rizista ya omu 1,000 na nyingine ya omu 2,000 ili kuigawa volti hiyo kabla haijafika kwenye RX ya moduli. Tena, kwenye Uno usitumie pini 0 na 1, maana hizo ndizo zinazotumika kupakia programu kupitia USB, na utajikuta unachomoa waya kila unapobadilisha mstari mmoja wa programu.

Lililonisumbua zaidi ni umeme. Taa za moduli zikiwaka, mita yangu ilionyesha kiasi cha miliampia 120, ambazo si nyingi. Lakini ESP32 nayo, wakati redio yake inapoamka, huvuta mkupuo mkubwa kwa muda mfupi sana, na mikupuo hiyo ikikutana na taa za skana kwenye kebo moja nyembamba, volti hushuka na bodi hujizima na kuwaka upya. Nilikuwa nikitumia kebo ya kuchajia simu yenye urefu wa mita mbili, niliyoinunua kwa kijana anayetembeza bidhaa stendi. Kila nilipobonyeza kitufe cha kusoma, bodi ilianza upya kana kwamba imechomolewa, na nikashinda jioni nzima nikitafuta kosa ndani ya programu ambayo haikuwa na kosa. Kebo fupi na nene ilimaliza tatizo, na kapasita (kihifadhi kidogo cha umeme) ya mikrofaradi 470 niliyoichomea karibu na soketi ya moduli ilimaliza wasiwasi.

Kwa siku ambazo umeme unakatika niliweka pawabenki, nayo ikaja na kichekesho chake. Nilikuwa nimeipanga moduli ilale isipotumika, ili kuhifadhi chaji. Pawabenki ikiona kwamba kinachovutwa ni kidogo mno huamini kuwa simu imejaa, basi nayo hujizima. Ikabidi niiache moduli ikiwa macho muda wote, yaani nipoteze chaji kidogo ili nisipoteze yote.

Mipangilio ya moduli hizi hufanywa kwa njia inayofurahisha mara ya kwanza na kuudhi mara ya pili: haina vitufe wala skrini, bali unaisomesha misimbo maalumu iliyochapwa katika kitabu cha maelekezo. Kuna msimbo wa kuifanya itoe maandishi kwa waya wa TX, mwingine wa kuifanya ijifanye kibodi ya USB, mwingine wa kuzima mlio, mwingine wa kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Nilizichapisha kurasa hizo na kuziacha mezani. Mpwa wangu wa miaka minane alizikuta, akakuta na moduli ina umeme, na kwa kuwa kila msimbo ulijibiwa kwa mlio wa kupendeza, akazipitia kurasa zote.

"Mjomba, imelia tena!" nilimsikia akisema kutoka sebuleni, nami nikafurahi kwamba mtoto anapenda teknolojia.

Kuanzia hapo moduli ikawa bubu. Iliwaka, ilimulika, ililia, lakini kwenye waya hapakuwa na hata herufi moja. Nilibadilisha waya, nikabadilisha pini, nikabadilisha bodi, na siku ya pili nikaanza kuandika ujumbe wa kuagiza nyingine kabla sijakumbuka zile kurasa. Mtoto alikuwa ameigeuza kuwa kibodi ya USB, na kibodi ya USB haina cha kusema kwenye TX. Nilisomesha msimbo wa kiwandani, kisha ule wa kutoa kwa waya, ikazungumza papo hapo. Sasa nimeikata misimbo hiyo miwili tu, nimeibandika ndani ya kifuniko cha boksi, na kurasa nyingine zimehifadhiwa mahali pa juu. Ukisomesha msimbo mmoja kwenye ukurasa wenye mingi, funika ya jirani kwa kiganja, kwani jicho la picha halijui ulikuwa umekusudia upi.

Katika programu kuna mambo matatu yaliyonifundisha adabu.

La kwanza ni namna ya kuianzisha moduli. Unaweza kuiacha isome mfululizo, lakini hapo sabuni moja ikishikwa mbele yake itasomwa mara tano. Nilijaribu kuiambia programu ipuuze namba inayojirudia ndani ya sekunde mbili, kisha akaja mteja aliyenunua soda mbili za aina moja, mama mdogo akazipitisha upesi upesi kwa mikono yake yenye uzoefu, na programu ikahesabu moja. Mtu ndiye anayejua kama ile ni soda ya pili au ni ile ile ya kwanza, kwa hiyo nikaweka kitufe kikubwa chekundu, kile cha mashine za michezo, na kila bonyezo ni usomaji mmoja. Bodi ikihisi kitufe hutuma baiti tisa kwa moduli, 7E 00 08 01 00 02 01 AB CD (zimeandikwa kwa heksadesimali, mfumo wa namba wa kumi na sita), nayo huwasha taa na kutafuta.

La pili limo ndani ya hilo la kwanza. Kabla ya kutoa bakodi, moduli hujibu kwamba imepokea amri, na jibu hilo ni baiti saba: 02 00 00 01 00 33 31. Baiti tano za mwanzo hazionekani kwenye skrini, lakini 33 na 31 katika ASCII, utaratibu unaoipa kila herufi namba yake, ni tarakimu 3 na 1. Kwa hiyo kila bidhaa ya mama mdogo ilianza na 31, sabuni 31, chumvi 31, viberiti 31, na mimi nikawa nakuna kichwa nikiuliza ni nchi gani hiyo inayotengeneza kila kitu. Dawa yake ni kuzisoma baiti saba za jibu na kuzitupa, kisha kuanza kukusanya herufi mpaka ifike ile yenye namba 13 katika ASCII (kwa hesabu ya kawaida), ambayo ndiyo alama ya mwisho wa mstari.

La tatu ni kwamba namba ya bidhaa si namba ya kuhesabia. Nilipoihifadhi katika kigezo (nafasi ya kuwekea namba ndani ya programu) cha aina ya long kama nilivyozoea, ikawa takataka, kwa sababu kigezo hicho kwenye bodi hizi kinaishia 2,147,483,647, yaani tarakimu kumi tu. Nilipoipeleka kwenye jedwali la kompyuta ili mama mdogo aone ripoti yake, korosho zote zikaandikwa 2E+12, yaani 2 yenye sifuri 12 nyuma yake, na sukari nayo 2E+12. Hakuna anayejumlisha bakodi wala kuigawa kwa mbili, kwa hiyo ihifadhiwe kama maandishi tangu inapotoka kwenye waya hadi inapoingia kwenye faili, na safu yake kwenye jedwali itangazwe kuwa ya maandishi kabla ya kubandika chochote.

Kuna kisa kingine kidogo. Kwenye kaunta kuna stika ya QR ya kulipia kwa simu, na moduli ya picha haibagui. Siku moja boksi liligeuka likaitazama stika hiyo, kitufe kikabonyezwa, na programu yangu iliyotengewa nafasi ya herufi 20 ikamwagiwa maandishi marefu yanayoanza na 000201, kama ilivyo misimbo ya malipo inayofuata EMV, kiwango cha kimataifa cha malipo. Bodi ilizimia. Hilo halikuwa kosa la stika, ni langu mimi niliyeamini kwamba dukani hakuna kitu kirefu kuliko tarakimu 13. Sasa programu huhesabu herufi zinapoingia, na zikizidi 40 inazitupa zote na kuandika kwenye kioo: "Siijui hii."

Lakini kazi kubwa, ile iliyokula Jumamosi nyingi kuliko waya na programu, ilikuwa ya lebo. Nusu ya mali ya mama mdogo haina bakodi kabisa. Korosho anabangulisha na kukaanga mwenyewe, ufuta unafungwa kwenye vifuko, sukari na mchele vinapimwa kilo na nusu kilo usiku uliotangulia, na dagaa wanakuja kwa kisado. Kila kimoja kilihitaji lebo, na kila lebo ilikuwa na hila yake. Lebo iliyobandikwa kwenye nailoni iliyojaa korosho hupinda kufuata vinundu vya korosho zenyewe, na mistari iliyopinda husomeka upande mmoja na kupotea upande mwingine. Nikahamia kwenye kikunjo cha juu cha pakiti, palipo bapa. Mafuta ya korosho yalipenya karatasi ya kawaida ndani ya siku mbili na kugeuza weupe kuwa kijivu, na tofauti ya rangi ikapungua. Niliifunika kwa selotepu ili kuzuia mafuta, na selotepu ikarudisha mwanga wa taa moja kwa moja kwenye jicho, likapofuka kama dereva anayekutana na gari lenye taa kali. Kilichosaidia ni kuinamisha moduli kidogo ndani ya boksi lake, nyuzi kama kumi na tano, ili mng'ao uende pembeni.

Kisha kuna uwazi wa pembeni. Bakodi ya EAN-13 ya kipimo cha kawaida ina upana wa milimita 37.29 pamoja na nafasi nyeupe za pande mbili, na kila kipande ni milimita 0.33. Ule weupe wa kushoto unatakiwa uwe sawa na vipande 11 na wa kulia sawa na vipande 7, yaani kama milimita tatu na nusu na zaidi kidogo ya mbili. Kijana wa steshenari, kwa kunifanyia wema, aliizungushia kila lebo fremu nzuri nyeusi inayogusa mistari. Skana ikaiona fremu kuwa mstari mwingine na kukataa. Nilipomwomba aiondoe alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeambiwa aharibu kazi yake mwenyewe. Nilimshukuru, na fremu ikaondoka.

Baadaye niliacha EAN kwa vitu vya ndani, nikatumia Code 128, inayokubali herufi na tarakimu pamoja na ambayo haina urefu maalumu. Lebo ya sukari ya nusu kilo ikawa S05 tu, fupi, yenye mistari minene inayosomeka hata ikiwa na vumbi la unga. Kama hutapeleka bidhaa nje ya duka lako, sioni sababu ya kujitesa na tarakimu 13.

Mahali pa kuiweka nako kulihitaji kubahatisha. Dirisha la duka linatazama baharini, na kuanzia saa sita mchana jua hupiga kaunta kwa ukali ambao taa ya moduli haiwezi kushindana nao. Kivuli cha boksi la biskuti, lililokatwa nikalipaka rangi nyeusi ndani, kilitosha. Hewa ya chumvi ndiyo adui wa polepole zaidi. Baada ya miezi michache pini za soketi zilianza kuota kijani, na kioo cha jicho kikapata ukungu usioonekana mpaka ukipangusa. Nimempa mama mdogo kitambaa cha miwani, naye hukipitisha juu ya jicho kila asubuhi baada ya kupangusa mizani.

Daftari hakuliacha. Sikutegemea aliache, na kusema kweli sikutaka, maana kadi ya kumbukumbu inaweza kufa na wino haufi kirahisi hivyo. Kila Jumamosi saa nane tunaketi, yeye na daftari, mimi na jedwali, na kwa wiki tatu za mwanzo hesabu zilikubaliana kwa kila kitu isipokuwa korosho, ambazo mashine ilisema zipo nyingi kuliko zilizokuwa kwenye rafu. Nilihakiki programu. Nilihakiki lebo. Nikakaa dukani asubuhi nzima nikitazama, na jibu likaja lenyewe: mteja aliyenunua pakiti tano alisema, "Mama, niongezee," na mama mdogo akachukua pakiti ndogo, akaiweka juu ya zile tano bila kuipitisha popote, wala kuiandika popote. Kwenye daftari alikuwa akiifidia kwa kichwa.

"Hiyo haikuuzwa," aliniambia nilipomwonyesha. "Hiyo nimempa."

Nilirudi mjini, nikachapisha kwa Code 128 kadi moja yenye neno NYONGEZA kwa herufi kubwa chini ya mistari yake, na nyingine yenye neno FUTA, nikazibandika kwenye ubao mgumu kando ya kitufe chekundu. Programu ikiona neno la kwanza, bidhaa itakayofuata hupungua kwenye rafu lakini haiingii kwenye mauzo. Ikiona la pili, hufuta usomaji uliotangulia. Hazikuhitaji waya mpya wala kitufe kipya. Kadi ya FUTA bado ni safi kama ilivyotoka kwenye mashine. Ile ya NYONGEZA imekwisha chakaa pembeni kwa vidole vyenye mafuta ya korosho, na Jumamosi iliyopita mama mdogo alinituma niichapishe upya, mara hii kubwa zaidi.